Jogoo Alikuwa Amehama Pango

Kyela mjini, Jumatano

Tata mpendwa,

Jumapili ukoo unakusanyika kujengea kaburi lako. Saruji imeshafika, kokoto zimemwagwa kando ya migomba, na wanao wamegawana kazi bila kugombana, jambo ambalo ungelifurahia. Mimi nimepewa kazi ya kusimulia habari za tangi lako, kwa kuwa wanasema hakuna anayezijua kama mimi. Hilo ni kweli. Lakini habari wanayotaka niisimulie ina mahali pasipo na ukweli, na mahali hapo nilipaweka mimi. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, baba wa mume wangu, na Jumapili nitaisoma barua hii kwa sauti mbele ya wote.

Nimetoa shajara zangu zote sandukuni ili nisikosee. Siku uliyorudi kutoka pwani niliandika hivi: "Baba mkwe amefika na lori. Tangi la kioo limefungwa kwenye godoro. Mapipa sita ya maji. Mama anauliza kama ni mafuta ya taa."

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Ile ilikuwa miaka ya mashirika kupunguza watu. Kituo ulichokuwa ukitunza viumbe vya bahari kilikupa barua na mafao, wenzako wakanunua mashine za kusaga na mitumba, na wewe ukaomba uuziwe tangi moja kuukuu pamoja na wanyama waliomo. Maji ya bahari yalipanda treni mpaka Mbeya, yakateremka Tukuyu kwa lori, yakafika Kyela yakiwa moto kama chai. Samaki watatu walikufa njiani. Waliobaki uliwaweka sebuleni, mbali na dirisha, na mtaa mzima ukaja kuangalia.

Unamkumbuka yule mvuvi wa Matema aliyeleta usipa, dagaa wa ziwani, siku ya kwanza? Alisimama mbele ya kioo, kofia mkononi.

"Huyu mwenye manyoya analiwa kwa ndizi au kwa wali?"

"Haliwi," ukamjibu.

"Sasa anafanya kazi gani?"

"Anatazamwa."

"Anakula bure na anatazamwa? Basi huyo ni mkubwa wa serikali."

Nilicheka mpaka nikalazimika kuziba mdomo kwa kanga, maana nilikuwa nyuma ya mlango wa ua, na hukutakiwa kunisikia.

Wajukuu wako hawaijui vizuri desturi ile, kwa hiyo nitaieleza ili wanaosikiliza waelewe. Mke wa mwana hakutakiwa kukaa chumba kimoja na baba wa mumewe. Hakumtazama usoni, hakumsemesha, hakumgusa. Wewe ulikuwa ukikohoa ukifika mlangoni, nami nikisikia kikohozi natoka kwa mlango wa nyuma. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na wote wawili tuliishika bila manung'uniko. Ambokile, mume wangu na mwanao, alikuwa kazini Mbeya, akija mwisho wa mwezi. Tulibaki watu watatu ndani ya nyumba, wawili kati yao wasioonana, na mama, mkeo, katikati.

Lakini tangi lilihitaji msaidizi. Ulikuwa ukienda kwenye mikakao yako kila asubuhi, na mama alisema wazi kwamba haingizi mkono kwenye maji yenye wanyama asiowajua majina. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua kuandika, na nina tabia ya kuandika kila kitu. Ndipo ulipoanza kunifundisha kwa kupitia ukuta.

Wewe ulikaa sebuleni, mimi nikakaa ukumbini na daftari, mama akakaa mlangoni akichambua mchele.

"Mwambie," ukaanza, "mkono wenye kidonda hauingii kwenye maji. Hata mkwaruzo wa kuku. Yale maji yana vijidudu vinavyoingia kwenye kidonda na kukaa miezi."

"Anasema mkono wenye kidonda usiingie," mama akarudia.

"Nimesikia, mama."

"Amesikia."

"Nami nimesikia kwamba amesikia. Mwambie waya wa mashine ya hewa uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likitembea juu ya waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Na kabla ya kuingiza mkono, achomoe kwanza."

Mama akaweka ungo chini. "Jamani, mimi ni redio ya hii nyumba? Na redio hata betri haipewi!"

Nilikusikia ukicheka upande wa pili. Ndiyo mara ya kwanza nilijua una kicheko kizuri.

Kwa njia hiyo nilijaza daftari zima. Nilijifunza kwamba maua ya bahari si maua, yana vinywa, na yakigusa ngozi laini ya mkono yanaacha alama kama ya upupu. Kila nilipohamisha jiwe nilitumia koleo la mbao, kwa sababu ndani ya matundu ya mawe mlikuwa na mnyoo mwenye manyoya ya kioo yanayokatikia ngozini. Ulinifundisha kunawa mpaka kwenye kiwiko kabla sijashika chakula, na kutojifuta macho nikiwa nafanya kazi hata jasho liwe jingi namna gani. Kuhusu konokono mmoja mwenye gamba la kupendeza, umbo la pembe, ulitumia neno moja tu: "Hashikwi." Ulikuwa na msemo wako: "Baharini hakuna samaki mjinga, kuna mkono mjinga." Niliuandika juu ya jalada.

Halafu kulikuwa na Jogoo. Ndiye huyo mkubwa wa serikali wa mvuvi wetu, mwekundu mwenye mistari myeupe, mapezi yamejitandaza kama mbawa za jogoo anayetaka kupigana, na mgongoni miiba mirefu yenye sumu. Alikaa kwenye pango la kulia. Ulisema, "Mwambie huyu hafukuzi mtu. Anasimama tu, na mtu ndiye anayejichoma. Kwa hiyo kabla ya yote, kila siku, atafute yuko wapi, aandike." Niliandika. Kila asubuhi, baada ya wewe kuondoka: kiasi cha maji, joto, nani amekula, na Jogoo yuko wapi. Daftari nililiacha juu ya kigoda kando ya tangi, wewe ukirudi unalisoma kwanza, ndipo unaingiza mkono. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu. Watu wawili wasiosemezana walisemezana kila siku kwa kalamu, na kwa muda wa mwaka na zaidi hakuna aliyeumia kwa kugusa.

Nasema kwa kugusa, kwa sababu kuna kisa cha jiwe la mama. Ulikuwa umetoa jiwe moja la tumbawe, lenye vinyama vya duara vilivyopangana kama vifungo vya shati, ukaliweka uani ulitupe baadaye. Mama akaliona. Kwake lile lilikuwa jiwe zuri la kusugulia miguu, ila chafu. Akalitia sufuriani, akabandika jikoni, akafunika. Alipofunua, mvuke ukampiga usoni. Nilimkuta anakohoa, anasema mdomoni anasikia ladha ya msumari. Wewe ulikuwa unaingia getini, ukanusa, na hukukohoa kwa ajili ya desturi, ulipiga kelele: "Tokeni nje wote! Msipumue hapo!" Kelele hiyo ilinihusu na mimi. Tulitoka. Mama alilala siku mbili na homa na kifua kubana, na hospitali wakamweka chini ya uangalizi. Alipopona alisema, "Mzee, wanyama wako hata wakifa wana visirani." Nami nikaandika: "Mawe yenye vifungo hayachemshwi, hayasuguliwi kwa brashi, hayakaribishwi usoni."

Siku ile ulinisemesha, Tata. Sote tulijifanya hatukuona. Ningekuwa na akili ya leo ningejifunza hapo hapo kwamba mlango ulikuwa umeshafunguka.

Sasa nafika kwenye Jumamosi ile ya Aprili.

Mama alikuwa amekwenda Ipinda kwenye msiba wa binamu yake. Mvua ilikuwa imejikusanya tangu alfajiri, lakini ulikwenda kwenye mikakao kama kawaida. Niliingia sebuleni, nikapima maji, nikawapa usipa kwa kijiti. Pango la kulia lilikuwa tupu. Nilimtafuta Jogoo kwa muda mrefu, nikamwona upande wa kushoto kabisa, amejibandika chini ya jiwe lililoinama, kichwa chini mkia juu kama popo, karibu na bomba la hewa. Ni pale pale ulipozoea kupitisha mkono kurekebisha bomba. Kwa mwanga wa siku ile ya mawingu, aliyesimama juu ya tangi asingemwona. Mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti.

Nilichukua kalamu. Niliandika "Jogoo," na mvua ikapasuka juu ya bati, na katikati ya kelele ya mvua nikasikia kikohozi chako mlangoni. Ulikuwa umerudi mapema.

Nilifanya kile ambacho mwili wangu ulikuwa umezoea kufanya. Niliinuka, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbilia jikoni. Nilipofika ndipo nikaona kwamba daftari liko kwapani kwangu.

Hapa ndipo habari ya ukoo na habari ya kweli zinapoachana. Wao wanasema nilikuwa jikoni napika, nikasikia ukilia. Sikuwa napika. Nilikuwa nimesimama nimeshika daftari lenye neno moja, najua unakwenda wapi na kuna nini pale. Niliwaza kumtuma mtu, hapakuwa na mtu. Niliwaza kupiga kelele, nikajiuliza mke wa mwana anampigiaje kelele baba mkwe, na kwa maneno gani. Nikajiambia, yeye ndiye fundi, ataangalia mwenyewe. Sijui muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Ulitosha umeme kukatika. Niliona taa ya ukumbini imezimika, na nikajua mara moja utakachofanya, maana mashine ya hewa ikizima ulikuwa unaunganisha bomba kwenye mpira wa tairi uliojazwa upepo. Kwa hiyo mkono ungeingia. Na kigoda hakikuwa na daftari, na pasipo daftari, kwa haraka ile, uliamini kwamba hakuna jipya tangu jana.

Kisha nikakusikia. "Mama Ambokile! Mama Ambokile!"

Ulijua mama yuko Ipinda. Uliita jina lake kwa sababu langu hukuruhusiwa kuliita.

Niliingia. Nilikutazama usoni kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umeketi sakafuni, mkono wa kushoto umeshika wa kulia, midomo imekuwa ya kijivu, na hata katika maumivu yale uligeuza uso ukutani ili usinitazame.

"Toka," ukasema. "Kamwite mtu."

"Mtu ni mimi, Tata," nikasema.

Nilileta beseni na chupa ya chai ya asubuhi ambayo mama aliniachia imejaa maji ya moto. Nilichanganya na ya baridi kidogo, nikapima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ulinifundisha kwamba aliyechomwa hapimi. Mkono wake haujui tena moto ni upi. Maji yawe ya moto ya kuvumilika, yasiyobabua. Nikaushika mkono wako na kuutumbukiza. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na matundu mawili kwenye kidole cha kati.

Ukanguruma. "Lete wembe. Nikate, damu mbaya itoke. Lete na kamba."

"Hapana."

"Nimesema lete wembe!"

"Umesema pia asikatwe wala asifungwe. Nimeandika. Unataka nikusomee?"

Mvua ilikuwa inapiga. Kisha, huku umekaza meno, "Nani amekufundisha kubishana na mkwe?"

"Wewe. Kwa kupitia ukuta."

Ulicheka, Tata. Ulicheka na machozi yanakutoka, na mimi nikalia. Mama Zuhura, jirani yetu, ambaye kwao ni Pangani na aliwahi kuona wavuvi wakichomwa, alisikia kelele, akaja na chupa nyingine ya maji ya moto bila kuuliza chochote. Tulibadilisha maji kila yalipopoa, zaidi ya saa nzima, mpaka ukasema maumivu yamerudi nyuma, yako mkononi tu, hayako tena kwapani. Ndipo mumewe akakupeleka hospitali kwa gari lake, ukachomwa sindano ya pepopunda, wakakuweka kitandani waone kama moyo uko sawa. Ulikuwa sawa. Kidole kimoja ndicho hakikukunja tena vizuri.

Mama aliporudi kutoka Ipinda habari ilikuwa imeshamfikia stendi.

"Umemgusa?"

"Nimemgusa, mama."

"Na mkono?"

"Upo."

"Basi," akasema, akavua viatu, "nimeacha kazi ya redio."

Uliponirudishia heshima yangu kwa kuku jike na kitenge, mbele ya wadogo zako, na kutamka kwamba tangu siku ile tutasalimiana kama baba na binti, watu walipiga vigelegele. Nilisema ndaga fijo, asante sana, nikainama. Ningeweza kusema siku hiyo. Kulikuwa na watu wengi na nyama.

Wiki moja baadaye tulikaa sebuleni pamoja kwa mara ya kwanza, wewe kwenye kiti, mimi kwenye mkeka. Shajara yangu inasema ilikuwa Alhamisi. Ukaniuliza taratibu, si kwa kunishuku:

"Siku ile ulikuwa umeshawapa chakula?"

"Nilikuwa nimewapa, Tata."

"Jogoo alikuwa wapi?"

Nikajibu, "Sikuangalia. Mvua ilianza."

Ukatikisa kichwa. "Basi nilipaswa kumwona mimi. Nilisimama juu yake kabisa. Nimezeeka, mwanangu. Macho hayapo."

Toka siku hiyo hukuingiza tena mkono kwenye tangi. Uliketi ukatazama, ukanielekeza, nami nikafanya. Watu wakiuliza ulisema, "Nilisahau kazi yangu siku moja, nikaona niwaachie wenye macho." Mikono iliyofanya kazi ile tangu ujana iliwekwa mapajani, na mimi niliyekuwa na neno moja la kuiinua sikulisema. Ulikaa hivyo miaka minne mpaka ulipoondoka.

Kazi uliyonipa naifanya vizuri, na sina sababu ya kujificha kwenye unyenyekevu. Jogoo alikufa kwa uzee, na tafi wawili walioletwa baadaye, nao wenye miiba ya sumu, wako wazima. Maji ya bahari bado yanakuja kwa treni. Sijachomwa hata mara moja. Walimu wa sekondari wananiletea wanafunzi, nami nawasimamisha hatua mbili kutoka kwenye kioo, nawaonyesha waya unavyoning'inia, koleo, glavu za mpira, chupa ya maji ya moto iliyo tayari wakati wote, na nawaambia kila mmoja wao: ukiona kitu kimehama, sema kwa sauti, hata kama aliye mbele yako ni mwalimu mkuu. Wanacheka. Wanadhani ni mzaha wangu.

Wala sijutii kuingia sebuleni siku ile. Ningeingia tena. Ninachojutia ni kuchelewa, na zaidi ya kuchelewa, ile Alhamisi.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha.

"Ulimwona huyo samaki?"

"Nilimwona."

"Na mzee alijua kwamba ulimwona?"

"Hakujua. Alikufa akidhani ni macho yake."

Akapepeta. Makapi yakaenda na upepo. "Basi mwambie."

"Nitamwambiaje, mama? Amekwenda."

"Si unajua kuandika? Andika. Halafu uwasomee na hawa wengine, maana wao ndio waliomcheka kwamba haoni."

Kwa hiyo nasema. Macho yako yalikuwa mazima, Tata. Ulikuja mbio kutoka mvuani kuokoa wanyama wako, ukatazama kigoda kama tulivyokubaliana, ukaona hakuna onyo, ukaingiza mkono mahali ulipokuwa na haki ya kuamini ni salama. Hukusahau lolote. Aliyejua si salama alikuwa hatua kumi kutoka kwako, jikoni, amenyamaza.

Lala salama, Tata.

Mimi, binti yako kwa kuolewa,
Sekela, mke wa Ambokile